Kata ya Kumi na Mbili

Mtungi wa shangazi yangu Barke ulifika nyumbani kwangu Kilifi ukiwa umeviringishwa leso tatu. Binamu yangu Rukia aliukodia pikapu kutoka Malindi na akaupakata njia nzima, maana hakumwamini dereva.

"Nyumba yagawanywa," aliniambia huku akinyoosha miguu. "Kila mtu adai jokofu, adai kitanda. Huu hakuna aliyeutaka. Nami siku hizi naimba kwa kipaza sauti, sina kazi nao. Nikasema nikuletee wewe, japo wewe na kuimba ni mbingu na ardhi."

Alicheka, nami nikacheka. Huo ni utani wa ukoo wetu mzima na nimeuzoea. Lakini alipokwisha kuondoka nilifungua leso ya mwisho, na harufu ya udongo uliofukizwa ubani miaka na miaka ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni pale kibarazani nalia na mlango u wazi. Shangazi alikuwa na miezi mitatu kaburini. Matanga nilikwenda, hitma nilikwenda, na machozi niliyoyatoa huko yalikuwa ya kiasi, ya heshima mbele za watu. Haya ya kibarazani yalikuwa mengine.

Wenzangu wa umri wangu mliokulia miji ya pwani mnaujua mtungi, sina haja ya kuwaeleza utamu wa maji yake. Wa kwetu ulikaa uani, juu ya kigoda chake, chini ya kipande cha makuti, na kata ya kifuu ilining'inia msumarini kando yake. Kwa nyumba nyingine mtungi ulikuwa wa maji ya kunywa, basi. Kwa shangazi ulikuwa na kazi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyotangulia.

Shangazi ndiye aliyeongoza kasida katika maulidi ya wanawake mtaani kwetu Malindi, na harusi ambayo hakuimba yeye watu waliisema mwaka mzima. Sauti yake haikuwa nyembamba. Ilikuwa nene, ya kifuani, na ilipanda juu bila kupiga kelele. Mama yangu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mawifi, alikuwa akisema kwamba ameunguza mchuzi mara tatu tu tangu aolewe, na mara zote tatu lawama ni ya Barke.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba sikio lake la kushoto lilikufa alipokuwa mtoto, kwa maradhi ya usaha, na la kulia lilisikia nusu. Aliimba kwa kuupima mtetemo kifuani na kwenye meno. Na asubuhi, alipokuwa akiiamsha sauti yake, alikuwa akiuinamia mtungi ili umrudishie kile alichokitoa. Hivyo ndivyo alivyosema, kuiamsha. Sauti hulala kama watu wanavyolala, alisema, na ukiikurupusha itaamka na hasira zake.

Mtungi uliachwa karibu mtupu usiku. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai, shangazi alikuja uani na leso yake kichwani, akapiga miayo mitatu ya makusudi, mipana, mpaka taya zikalia. Akanywa bilauri ya maji ya vuguvugu yenye tangawizi na asali. Kisha akainama, mdomo umefungwa, akavuma, mmm, akiipandisha na kuishusha kidogo kidogo, akitafuta pale mtungi unapoitika. Mtungi mtupu una sauti nzito sana, na ukiigusa sawasawa udongo wenyewe hutetemeka, ukausikia mpaka kwenye nyayo. Akishaipata, aliinua kidole. Hapo mimi niliyesimama na ndoo ya maji ya kisima nikitia kata moja. Maji yakipanda, sauti ya mtungi nayo hupanda kidogo, naye akaifuata. Kata ya pili, ya tatu, ya nne. Mpaka ya tano mdomo ulikuwa umefungwa. Kuanzia ya sita aliufungua, aa, ii, uu, akizivuta kama tulivyovuta herufi za Kurani chuoni. Ya kumi na tano ndiyo ya mwisho, juu kabisa, maji yako shingoni mwa mtungi na shangazi uso unang'aa. Maji hayo ndiyo tuliyokunywa nyumba nzima siku nzima.

Kazi ya kutia maji ilikuwa ya mdogo wake, hadi alipoolewa akaenda Mambrui. Shangazi akawatazama watoto waliobaki nyumbani, akanichagua mimi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Rukia alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili, akalia siku nzima.

"Kazi yako si maji," shangazi aliniambia asubuhi ya kwanza. "Maji hata punda aweza kubeba. Kazi yako ni sikio. Mimi nasikia nusu, na mwimbaji hata akiwa na masikio yote mawili, sauti yake mwenyewe haisikii kama wanavyoisikia watu. Siku utakayosikia yakwaruza, hata kidogo, niambie papo hapo. Nitanyamaza siku arubaini. Nyanya yangu alinyamaza mara mbili katika umri wake na akaimba mpaka siku aliyozikwa. Wasikia?"

"Nasikia, shangazi."

"Na utanificha?"

"Sitakuficha."

"Haya. Tia kata."

Sijawahi kupewa cheo kingine maishani kilichonipa kiburi kama kile. Kila mwisho wa zoezi alikuwa akinigeukia na kuuliza, "Iko vipi?" nami nikijibu kama hakimu, "Iko sawa." Nilikuwa mkweli. Sauti ile ilikuwa sawa kila siku.

Sasa nije kwenye ujinga wangu, na naomba msinicheke mapema. Chuoni, maalimu wetu alikuwa akituandikia kombe. Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, tukanywa maji yale ya manjano ili akili zifunguke. Na kila mara alitukumbusha, "Kunyweni kwa nia. Bila ya nia mmekunywa rangi." Kwa hiyo mimi nilijua, na hakuna mtu mzima aliyenipinga, kwamba maneno huweza kuingia majini, na kwamba mtu akiyanywa kwa nia huingia mwilini mwake. Sasa kila asubuhi niliona kwa macho yangu mawili maji ya mtungi yakitetemeka kwa sauti ya shangazi. Nilihitaji ushahidi gani mwingine?

Nikaanza kunywa. Shangazi alipokwenda jikoni kuandaa chai, nilichota kata kabla ya mtu mwingine yeyote, maji bado yanatikisika, nikaelekea kibla, nikanywa mafunda matatu. Nia nilikuwa nikiitamka kwa kunong'ona: niwe na sauti kama ya shangazi Barke. Wenzangu ndani ya nyumba walikunywa mchana, maji yametulia, bila nia yoyote. Wao walikunywa maji tu.

Na dawa ikakubali. Baada ya wiki chache maalimu alisimamisha kasida katikati, akauliza, "Nani huyo?" Watoto wakaninyoshea vidole. Akanihamisha safu ya mbele na kuniambia niongoze. Leo najua kwamba mtoto yeyote mwenye kusimama kila alfajiri kando ya mwimbaji hodari, akivumavuma naye moyoni, lazima aokote kitu. Siku zile nilijua tu kwamba nimeinywa sauti ya shangazi, na kwamba inafanya kazi.

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ulipokaribia, harusi nazo zilikuwa zimefuatana wiki baada ya wiki. Shangazi hakupata siku ya kupumzika. Juu ya hayo, akina mama wa Mambrui walikuwa wamealikwa kwenye maulidi yetu, na kiongozi wao alikuwa na sifa zake. Shangazi hakuwa mtu wa kushindana, lakini hakuwa mtu wa kushindwa pia. Akaanza kuiamsha sauti mara mbili kwa siku, alfajiri na baada ya alasiri, nami nikitia kata mara mbili, na kunywa mafunda matatu mara mbili.

Asubuhi moja, kwenye kata ya kumi na mbili, nilisikia. Kilikuwa kitu kidogo sana, kama uzi wa nguo ulionaswa na msumari ukajinasua. Kata ya kumi na tatu ilikuwa safi, ya kumi na nne safi. Mtu mwingine angesema amesikia vibaya. Mimi sikusikia vibaya.

"Iko vipi?"

Niliutazama mtungi. Nilijua sauti iliyopungua imekwenda wapi. Ilikuwa tumboni mwangu, mafunda matatu kila siku kwa miezi miwili. Nikimwambia yakwaruza, ataniuliza kwa nini, na mimi ndiye mtu pekee duniani niliyejua kwa nini.

"Iko sawa," nikasema.

Jamani, nilijaribu kuirudisha. Niliacha kuyanywa maji yale kabisa; nilikunywa bombani chuoni, au nikavumilia kiu. Mchana, watu wakiwa wamelala, niliuinamia mtungi nikaimba kila kitu nilichokijua, kasida zote, na nyimbo za kuruka kamba nikazimaliza, ili kile nilichokinywa kitoke kirudi kwa mwenyewe. Mama alinikuta siku moja kichwa changu ki mdomoni mwa mtungi.

"Wewe! Waongea na mtungi? Umeingiwa na nini?"

Nikasema nilikuwa natazama kama umejaa. Uongo wa kwanza huchungua njia, wa pili hupita mbio.

Wala mkwaruzo haukupona. Ulitoka kata ya kumi na mbili ukashuka ya kumi na moja, na shangazi akaanza kukohoa kidogo kila akimaliza. Kila siku aliniuliza, na kila siku nilimjibu. Siku moja nilitumwa sukari dukani kwa jirani zetu Wahindi, ambao ukuta wa jiko lao ulikuwa umepakana na uani kwetu. Mama Jayesh, mke wa mwenye duka, alikuwa akiimba kwenye hekalu lao na aliijua kazi hiyo. Aliniita pembeni ya mizani.

"Beti," alikuwa akituita hivyo watoto wa kike wote, "shangazi yako ana nini? Sauti ya juu yakatika. Kila siku nasikia jikoni. Mwambie apumzike. Sisi pia, sauti ikifanya vile, twaiacha ilale."

"Ni mafua tu," nikasema.

"Mafua si vile. Mwambie mimi nimesema."

"Nitamwambia."

Nilirudi nyumbani na sukari. Ujumbe niliuacha dukani.

Maulidi yalisomwa alasiri, uwanjani kwetu, chini ya turubai. Mikeka ilitandikwa ukuta kwa ukuta, udi ukafuka, wasichana wakapita na mirashi wakiwanyunyizia wageni. Akina mama wa Mambrui walikaa upande wa kulia na matari yao mapajani. Mimi nilikaa nyuma ya bega la shangazi, bilauri ya tangawizi mkononi, nimevishwa nguo mpya. Alianza chini, taratibu, na sauti ikatoka nene, nzuri, ile ile. Nikaona mabega ya watu yakilegea. Kwa muda nilidhani Mungu amesamehe.

Lakini kasida ile ilikuwa ya kupanda, na mimi nilikuwa nikihesabu kata kichwani bila kutaka. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili sauti ilikatika. Haikupasuka, haikukwaruza. Mdomo wa shangazi ulikuwa wazi na kilichotoka kilikuwa pumzi. Matari yakaenda mapigo mawili zaidi, kisha yakanyamaza moja baada ya jingine.

Kiongozi wa Mambrui hakusimama wala hakumtazama mtu. Aliuokota ubeti pale pale ulipoangukia, akauimba kwa sauti ya chini kuliko uwezo wake, polepole, mpaka wanawake wote wakaitikia. Ilikuwa adabu kubwa na kila mtu aliielewa. Shangazi alichukua ncha ya mtandio akafunika mdomo. Kisha aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiniuliza kitu. Nami nikaitazama bilauri.

Alipelekwa Mombasa kwa daktari wa koo. Aliporudi alikaa kimya siku arubaini zake, akitumia kalamu na daftari la shule, na alipoanza kusema tena ilitoka sauti ya kukauka, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Hiyo ndiyo iliyobaki mpaka mwisho wake. Nilimsikia akimweleza mama jikoni: zilikuwa nundu ndogo kwenye nyuzi za sauti, na moja ilikuwa imevuja damu. Daktari alisema lau angelinyamaza zilipoanza, huenda zingeliondoka zenyewe. Sasa kuzungumza atazungumza. Kuimba, basi tena.

Siku chache baadaye aliniita uani. Mtungi ulikuwa umefunikwa. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nami nikasimama mbele yake, macho yetu sawa.

"Nataka kukuuliza, na sitakupiga," alisema. "Mama Jayesh amenambia alikuwa akisikia nikikwaruza, na kati yetu na yeye kuna ukuta. Wewe ulikuwa karibu nami hivi. Hukusikia?"

Kama angelinipiga ningelisema. Kama angelinipigia kelele ningelisema, ningelimwaga yote, kombe na kibla na mafunda matatu. Lakini alikuwa na ile sauti mpya iliyokauka, na kila neno alilolitoa lilinionyesha nilichokinywa.

"Sikusikia, shangazi."

Alinivuta karibu kidogo. Kisha alinyosha mkono akalishika sikio langu la kulia, si kwa kulivuta, akaliminyaminya kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Basi Mwenyezi Mungu hakukupa sikio," alisema. "Si kosa lako, mwanangu. Wengi hawanalo. Kosa ni langu mimi, nimempa asiye na sikio kazi ya sikio. Usilie. Nenda kacheze."

Alinisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya nikaondoka nalo.

Habari hiyo ikaenea ukoo mzima, kwa upole kabisa, kama watu wanavyosema fulani hali samaki. Huyu hana sikio, maskini. Harusini nilipewa kazi ya kugawa sinia. Chuoni nilirudi safu ya nyuma mwenyewe, na maalimu alipouliza sauti imekwenda wapi nikasema koo laniuma. Sikuweza kuimba mbele ya watu kitu nilichokijua kuwa cha wizi. Miaka miwili baadaye shangazi alianza kumfundisha Rukia. Aliketi kando ya mtungi na ule mkwaruzo wake, akieleza kwa mikono, na Rukia akainama akavuma, na kata alitia mtu mwingine. Mimi nilikaa ndani dirishani na kitabu. Nilikuwa nikisikia kila kosa la Rukia, na kila mara alipopata sawa nilisikia pia, na sijui ni lipi liliniuma zaidi.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa fizikia alipotufundisha sauti. Alipuliza juu ya chupa, akatia maji kidogo, akapuliza tena, darasa likacheka. Akasema ni hewa inayotetemeka, maji hayahifadhi kitu chochote, ukiyanywa umekunywa maji. Mimi niliiweka kalamu chini. Miaka sita nilikuwa nimejihukumu kwa wizi, na kumbe sikuiba tone. Lakini furaha haikuja, kwa sababu ule wizi ulipoondoka ulibaki uongo peke yake. Shangazi hakupoteza sauti kwa sababu mtoto alikunywa maji. Aliipoteza kwa sababu mtoto alisikia, akaulizwa, akasema iko sawa.

Mtasema, basi ungelikwenda ukamwambia. Nilikuwa msichana mkubwa, kisha nikawa mwalimu, kisha mke, kisha mama wa watoto watatu, na kila Idi nilikwenda Malindi nikambusu mkono. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi ndiye niliyekuwa kata. Mara ya kwanza niliahirisha kwa hofu. Baadaye kwa sababu nyingine ambayo naiona mbaya zaidi: alikuwa amenisamehe vizuri. Alikuwa akinipenda na kunihurumia kwa lile sikio nisilokuwa nalo, akinichagulia kipande kizuri cha samaki, akiwaambia watu wasinitanie mno. Kumwambia kweli kulikuwa kumnyang'anya hata hilo. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka kulipoteza mimi.

Mwaka jana, alipokuwa hatoki tena kitandani, nilikwenda nikiwa nimekata shauri kumwambia. Nilifunga mlango, nikamwamkia, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Simu yake ilikuwa juu ya mto wa kichwa, karibu na lile sikio la kulia, ikiimba kasida ya Rukia iliyorekodiwa. Pahala fulani katikati Rukia aliteleza kidogo, nusu ya nusu, na shangazi akakunja uso. Mimi pia nilikunja uso. Alikuwa amefumba macho, hakuniona.

"Wewe una raha," alisema kwa ile sauti yake. "Husikii haya. Mwenye sikio huumia sana."

Nilimfunika shuka miguuni.

"Nikuletee uji, shangazi?" nikauliza.

Alikunywa nusu kikombe. Baada ya siku kumi na moja nikapigiwa simu.

Mtungi nimeuweka kibarazani. Binti yangu wa mwisho, Nuru, yuko kwenye kwaya ya shule yao, na kabla ya mazoezi huwa anafuata mazoezi ya kwenye simu, anatetemesha midomo brrr kama pikipiki inayokataa kuwaka. Jumamosi hii wana mashindano. Juzi alimpigia Rukia, Rukia akamweleza habari za mtungi, akanijia mbio.

"Mama, njoo unitilie maji. Kazi yako ni kutia tu."

Nikachukua kata. Akainama, akavuma, akahangaika kidogo, na mtungi ukaitika. Nilisikia kwenye nyayo zangu. Aliinua kidole bila kufundishwa na mtu, nikatia kata ya kwanza. Nilitia zote, mpaka maji yakafika shingoni. Alijiinua, mashavu yamemwiva.

"Iko vipi?" aliuliza, kisha akaangua kicheko na kunipiga bega. "Astaghfirullah, namuuliza nani! Ngoja nimrekodie mama mdogo Rukia."

"Kata ya tisa ulikwaruza," nikasema. "Ya kumi ukaificha puani. Ya kumi na moja hukuiimba, ulipumua ukaingoja ya kumi na mbili. Na koo lakuuma tangu juzi. Pumzika, Nuru. Jumamosi usiimbe."

Kicheko kilimwisha. Mkono ulimwenda kooni wenyewe.

"Umejuaje?"

"Nimesikia."

Alinitazama mimi, akautazama mtungi, akanitazama tena. Nuru ni mtoto wa maswali, hajui kuliacha jambo.

"Kwa hivyo nyanya Barke alikosea? Una sikio?"

"Hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia sikusikia."

"Na ulikuwa umesikia?"

"Kuanzia siku ya kwanza."

Alikaa chini kando yangu. Nikamweleza yote, kombe, kibla, mafunda matatu, Mama Jayesh, bilauri. Hakucheka hata pale nilipodhani atacheka. Nilipomaliza alikuwa anakizungusha kifuniko cha mtungi mikononi, sauti yake imeshuka, imeanza kukauka kweli.

"Lakini ulipokuwa mkubwa ulimwambia, sivyo, Mama? Kabla hajafa, ulimwambia?"

Maji yalikuwa yametulia ndani ya mtungi. Nikachukua kifuniko mikononi mwake nikaufunika, nikamwambia hapana.